Pole Haiulizi Sababu

Kiswahili chetu kina namna ya kumjulia mtu hali huku kikimziba mdomo. Ukimwambia mwenzako "hujambo" umeshamtangulia kwamba hana jambo, naye akiitika "sijambo" amekubali, na habari imeishia hapo. "Habari za asubuhi?" nayo huja na jibu lake mkononi: nzuri. Hata aliyetoka kuzika jana huanza na "nzuri" kabla ya kuongeza "ila". Sasa mfikirie mtu mwenye sonona katika asubuhi ya Juni pale Sumbawanga, ukungu umeshuka kutoka milima ya Mbizi na kila apitaye kajifunga koti na kofia ya sufu. Kutoka kwake Chanji mpaka sokoni atasalimiana na watu ishirini, na kwa kila mmoja atakana kuwa ana jambo. Hadanganyi kwa kupenda. Salamu imemwachia mlango mmoja tu wa kupita, naye anapita humo akiwa ameinama.

Lipo hata hivyo neno jingine katika lugha hiyohiyo, dogo na la kila siku, ambalo nadhani linastahili kuchukuliwa kwa uzito na wanaofikiri juu ya mateso ya wanadamu. Mtu akijikwaa mbele yako unasema "pole" kabla hujajua kama kosa ni la jiwe, la viatu vyake vibovu, au la uzembe wake wa kutotazama anakokwenda. Anayerudi shamba unampa pole na kazi, wala humuulizi kama kazi ilikuwa ya lazima. Pole haifanyi uchunguzi. Inakiri kwamba mwenzako ameumia, na inasimama upande wake kabla kesi haijaanza. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba rafiki wa mtu mwenye sonona anadaiwa kwanza pole ya namna hiyo, tena pole ndefu, ya miezi. Na kwamba kinachoiharibu kuliko kingine chochote ni lile "kwa nini" linalotafuta mkosaji. Swali hilo lina heshima kubwa kwetu, katika mila na katika dini, ndiyo maana kuliweka chini si jambo jepesi, na ndiyo maana linahitaji kujadiliwa kwa hoja badala ya kupitiwa kwa maneno ya faraja.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Sonona ni neno ambalo wahudumu wa afya wamelichukua kutoka kitenzi cha zamani cha kuumia kwa ndani, ndugu yake kusononeka. Ni zaidi ya huzuni ya siku mbili tatu. Inamkaa mtu wiki mbili na kuendelea, karibu kila siku na karibu kutwa nzima: kilichompendeza hakimpendezi tena, usingizi unamkatikia saa tisa usiku au unamlaza mpaka adhuhuri, ugali mdomoni unakuwa kama pumba, mwili unakuwa mzito, na moyoni anajihukumu kwa makosa ambayo wenzake hata hawayaoni. Wengine hufika kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa wakiishi na hali hiyo. Mtaani haiitwi sonona. Tunasema "ana mawazo", na katika hilo hatuko peke yetu, maana Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha huko Harare, mwaka 2006, mabenchi ya kukaa na kuzungumza nje ya zahanati, wenye kukaa na wagonjwa wakiwa akina bibi wa mtaani waliopewa mafunzo, ni neno hilo la watu walilolitumia, wakaliacha la vitabuni. Nitalirudia benchi hilo baadaye.

Ufipa, nchi ya Wafipa inayouzunguka mji wa Sumbawanga, una historia yake na swali la nani mkosaji. Jina lenyewe la mji, kwa maelezo yanayopendwa na wengi, ni amri ya Kifipa: sumba, tupa, wanga, uchawi. Mgeni mwenye mambo yake ayatupe kabla ya kuingia. Watanzania wa mikoa mingine wameligeuza hilo kuwa utani wa radi na ungo, utani ambao Mfipa ameuchoka siku nyingi, na ambao unasahau kwamba amri ni ya kutupa, si ya kuokota. Lakini historia ipo. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1968 makala kuhusu Kamchape, kundi la kusaka wachawi lililopita vijijini huko mwaka 1963 na 1964. Ukoo wake unarudi nyuma kwa Mchapi wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wa miaka ya 1930, na kuchapa kwa Kinyanja ni kufua nguo. Ahadi ilikuwa kwamba kijiji kitafuliwa: pembe na vifurushi vitolewe, wenye uovu watajwe na wachanjwe dawa, maradhi yakome, watu waanze upya. Sioni haki ya kuwacheka waliofungua milango yao. Aliyezika watoto wawili mwaka mmoja ana kiu halali ya kutaka maelezo. Ila bei ya maelezo yale ililipwa na wengine, mara nyingi wazee wa kijiji, ambao kidole kiliwaangukia bila wao kuwa na pa kukata rufaa.

Tazama sasa swali hilo linafanya nini likipelekwa kwa mtu mwenye sonona. Tuseme mganga, au mwombezi wa usiku, amempata mkosaji, naye ni shangazi au jirani wa nyumba ya tatu. Mgonjwa aliyekuwa amejitenga kwa sababu ya ugonjwa sasa anatengwa kwa amri. Yule aliyekuwa akimletea uji hawezi kuuleta tena. Chungu chake kimekuwa ushahidi. Maradhi yenyewe kazi yake ni kumshawishi mtu kuwa hapendwi na hana wake, na mashtaka yanakuja kuthibitisha kwamba alikuwa sahihi. Tunapenda kusema kikulacho ki nguoni mwako. Katika jambo hili methali hiyo inamvua mtu nguo wakati wa baridi.

Wanaojiona wameuacha uchawi mlangoni wasijipongeze mapema, maana wengi huingia na swali lilelile likiwa limevaa kanzu. Ukatoliki una zaidi ya karne moja Ufipa, tangu wamisionari waitwao Mapadre Weupe walipoishika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na siku hizi makanisa ya kila aina yamejaa. Humo mtu mwenye sonona huulizwa kama ameacha sala, kama anaficha dhambi, kama ameweka kinyongo, kama imani yake ni ya kweli. Na asiye mtu wa mganga wala wa padre ana swali lake la tatu: kwani huyu ni mvivu? Hili la tatu ndilo kali kuliko yote katika nchi ya wakulima. Mfipa amejulikana kwa kilimo cha kufukia nyasi. Mvua zikishakolea, kati ya Januari na Machi, majani na udongo wake hugeuzwa kwa jembe, mizizi juu, yakarundikwa kuwa kichuguu cha mviringo kiitwacho intumba. Juu yake hupandwa maharage, ndani nyasi zinaoza, na msimu unaofuata kichuguu hubomolewa, udongo ukatawanywa na ulezi ukasiwa. Shamba la namna hiyo halitunzi siri. Apitaye njiani anaona nusu yake imejaa vichuguu vilivyopangwa na nusu nyingine nyasi zimesimama kiunoni, na anajua siku ambayo mwenye shamba aliacha kuamka. Hakuna cheti cha daktari kinachosomeka kwa mbali kama zile nyasi.

Amelogwa, amekosa, amezembea: watatu hawa wanaonekana kugombana, lakini ni ndugu wa baba mmoja. Kila mmoja anataka mateso yawe na mwenye kosa, na akimpata anapumua, kwa sababu mateso yasiyo na mkosaji yanatisha. Yanaweza kumfikia yeyote, hata mimi nisiyekosa. Hapa ndipo ninapoona tatizo la kifalsafa lilipo. Tunajiambia kwamba tunauliza kwa ajili ya mgonjwa, kumbe mara nyingi tunauliza kwa ajili ya usalama wetu. Jibu linamwacha yeye pale alipokuwa na kutuondoa sisi tukiwa na amani.

Kitabu cha Ayubu kimeliona hili vizuri kuliko wafasiri wake wengi. Elifazi, Bildadi na Sofari wanakumbukwa kama marafiki wabaya, na watu wanasahau walivyoanza. Walipopata habari, kila mmoja aliacha kwake, wakapatana kwenda pamoja. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua, wakalia. Kisha wakakaa naye chini ardhini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Sijui sehemu nyingine ya Maandiko inayoonyesha urafiki kwa ukamilifu namna ile. Kosa lilianza siku ya nane, walipoanza kutafuta sababu. Wakamweleza kwamba Mungu ni wa haki, kwa hiyo lazima kuna alichokifanya yeye, au watoto wake. Kila sentensi yao, ukiichukua peke yake, ingeweza kusomwa kanisani Jumapili bila mtu kushtuka. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia kwa walichosema. Kwa zile siku saba za kukaa hakuna lawama hata moja. Tena hali ya Ayubu inageuka pale yeye, mgonjwa, anapowaombea wale waliokuja kumweleza makosa yake.

Eliya ni ushahidi mwingine. Nabii aliyetoka kushinda pale Karmeli anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtoe roho. Malaika anayemjia hana hotuba. Hamkumbushi muujiza wa juzi, hamwambii aibu ya nabii kukata tamaa. Anamgusa, anamwonyesha mkate na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, anaguswa mara ya pili, anaambiwa ale kwa kuwa safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Maswali ya Mungu yanakuja siku nyingi baadaye, mlimani, mtu akiwa ameshiba na amelala. Nao Waislamu wa Sumbawanga wanayo habari ya Nabii Yaakub katika Sura Yusuf, baba aliyehuzunika kwa mwanawe mpaka macho yakawa meupe, na wanawe wakamwona anapitiliza. Hakuna anayethubutu kusema nabii huyo alipungukiwa imani. Ukiwaweka hawa watatu pamoja, dai kwamba moyo uliovunjika ni dalili ya imani iliyovunjika halina pa kusimama, na anayelitoa madhabahuni analitoa kwa mamlaka yake mwenyewe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu ambaye wanaseminari wa Kikatoliki wamefundishwa kwa karne nyingi, aliuliza katika Summa Theologiae dawa za huzuni ni zipi. Orodha yake huwashangaza wanaotarajia sala na mfungo: jambo la kupendeza, machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na mwisho, kwa utulivu kabisa, usingizi na kuoga. Kuhusu marafiki anatoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huzuni ni kama mzigo, na anayemwona mwingine akihuzunika pamoja naye anahisi kana kwamba mzigo umeshikwa upande wa pili. Ya pili, ambayo yeye anaiona bora, ni kwamba anagundua anapendwa. Ninakubali kuwa ya pili ndiyo bora, kwa sababu ya kwanza inaweza kubishiwa. Mzigo wa sonona haugawanyiki kama gunia la mahindi. Hata tukiwa kumi, mgonjwa ataamka saa tisa usiku peke yake. Lakini kupendwa ni kitu anachoweza kukijua hata akiwa chini kabisa, ilimradi kisije na masharti. Na hapo methali yetu ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki inahitaji jicho la pili. Kufaa ni nini? Tukikupima kwa matokeo, rafiki wa mtu asiyepona baada ya miezi mitatu atajiona hafai, ataondoka, na ataondoka akiwa na methali mkononi.

Pingamizi la kwanza nalitarajia kutoka kwa watu wa hospitali, na ni la haki. Bila sababu hakuna tiba, watasema. Daktari naye huuliza kwa nini. Kweli huuliza, na rafiki mwema ndiye anayempeleka mgonjwa akaulizwe, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Sumbawanga au, hali ikizidi, Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa basi, ama Mirembe huko Dodoma. Lakini daktari anauliza umelala saa ngapi, umepungua kilo ngapi, mama yako aliwahi kuugua hivi, unakunywa kiasi gani. Anatafuta mahali pa kushika ili atibu, mkosaji hamhusu. Ushahidi mzuri wa tofauti hii tunao jirani, kusini mwa Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walijaribu tiba ya makundi kwa watu waliokuwa na hali ambazo Waganda wenyewe walizitaja kwa Kiganda, moja yake ikiwa na maana ya kujichukia. Makundi yaliongozwa na wenyeji wa huko waliofunzwa kwa wiki mbili, watu wakakutana dakika 90 kwa wiki, wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya tiba, waliobaki wakitimiza vigezo vya sonona katika makundi hayo walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata makundi walikuwa asilimia 54.7. Wale watu hawakukaa kimya kama marafiki wa Ayubu. Walizungumza juu ya misiba, magomvi ya nyumbani na maisha yaliyobadilika ghafla. Waliulizana nini kimekupata. Hawakuulizana nani kakufanya, wala umefanya nini hata ukapatwa, na kati ya swali lile na haya mawili ndipo inapopita mipaka ninayoitetea. Niongeze kwamba vile vilikuwa vijiji vya watu maskini, vilivyopigwa na UKIMWI miaka mingi. Anayedhani sonona ni ugonjwa wa wenye nafasi ana takwimu za kujibu.

Pingamizi la pili ni la kifalsafa zaidi, na lina methali yake: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyewahi kuugua atamsaidiaje aliye ndani? Nakubali kwamba hatajua. Kila anayesema "najua unavyojisikia" anasema zaidi ya anachokijua, na mgonjwa analijua hilo mara moja. Ila methali inazungumzia kujua, na rafiki hakuitwa kujua. Ili kulitoa godoro la mwenzako juani si lazima uwe umeumwa na kunguni wake. Ndivyo ilivyo tofauti ya "ukihitaji chochote utaniambia" na "Jumamosi nakuja na jembe tumalizie ule upande wa bondeni". La kwanza ni adabu, na kwa mtu mzima wa afya linatosha. Kwa mwenye sonona ni kazi ya ziada: afikiri anachohitaji, achague, aombe, aone aibu. Hawezi, atanyamaza, nawe utasema ulijitolea akakataa. La pili halimdai neno. Na akikwambia siku hiyo hawezi kutoka, unalima zile nyasi zilizokuwa zikimshtaki barabarani, unapita kwake kunawa mikono, unakwenda zako.

Pingamizi la tatu linatoka kwa waumini. Je, kunyamaza na kulima si kumnyima mgonjwa neno la Mungu? Sijasema sala iachwe. Nimesema isiwe hukumu iliyofumbwa macho. Ukanda huu unao mfano wake mkubwa wa mtu aliyeshika vyote viwili: Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Mto Niger, akatekwa utotoni kama mtumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa katekista na tabibu kwa wakati mmoja, katika mwili mmoja. Aliyeletwa kwake na jeraha hakuambiwa achague kati ya katekisimu na bandeji. Anayemwambia leo rafiki yake aache vidonge vya hospitali kwa kuwa ameombewa anadai imani ambayo wale waliouleta Ukristo Ufipa hawakuidai. Vidonge hivyo, tena, huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla mtu hajaona nafuu, na katika kipindi hicho ndipo wengi huviacha. Kuuliza "umemeza leo?" kwa siku ishirini mfululizo, bila kuchoka na bila kugomba, nadhani ni namna ya sala.

Linabaki pingamizi la uchovu, na hili sina jibu la kulimaliza. Rafiki naye ana watoto, ana shamba, ana moyo unaochoka. Tunajua kukaa na waliofiwa: mikeka inatandikwa, wanawake wanapokezana jikoni, maji na kuni vinaletwa na watu ambao hakuna aliyewaita, wanaume wanakesha nje kwenye moto bila kuwa na la kusema. Hatuhitaji kujifunza upya zile siku saba za Ayubu. Tunazifanya kila mwezi. Shida ni kwamba msiba una jeneza na una siku ya kuanua matanga, na sonona haina hivyo. Hakuna tangazo, hakuna daftari la rambirambi, hakuna siku ambayo jamaa watasema sasa tumemaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba kilichoufanya msiba ubebeke ni zamu, na zamu inawezekana hata bila jeneza: jumuiya ndogondogo zinakutana kila wiki, vikundi vya kuweka na kukopa vinakutana, kwaya zinakutana. Lile benchi la Harare, ambalo manufaa yake yalithibitishwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016, halina siri kubwa zaidi ya hiyo. Mtu fulani yupo mahali fulani, siku inayojulikana, na kesho yake yupo mwingine. Anayetaka kumbeba mwenzake peke yake, kwa siri na kwa ushujaa, kwa kawaida huanguka, na akianguka wanakuwa wawili.

Na kuna jambo moja ambalo ndani yake usiri hauruhusiwi kabisa. Rafiki akikwambia hataki kuishi, hiyo si siri uliyokabidhiwa. Ni mzigo unaopaswa kuwafikia wengine siku hiyohiyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Usimwache peke yake, mpelekeni hospitali, na dawa za wadudu za shambani zihamie kwa jirani kwa muda. Watu wanaogopa hatua hii kwa sababu ya sheria: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu, tuliyoirithi kwa mkoloni, kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Ni swali la nani mkosaji tena, safari hii likiwa limevaa sare, na mkosaji ni mgonjwa mwenyewe. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Hata Kanisa, ambalo sheria yake ya mwaka 1917 iliwanyima waliojiua kwa makusudi mazishi ya kikanisa, liliondoa katazo hilo katika sheria ya mwaka 1983, na Katekisimu ya mwaka 1992 inakiri kwamba maradhi mazito ya akili hupunguza hatia. Ikiwa Roma imeweza kulilegeza swali lake, Dodoma nayo inaweza. Lakini rafiki yako hawezi kungoja Bunge. Nenda kwake kesho asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, na chupa ya chai. Usimwambie hujambo. Mpe pole, na ukiwa huna budi kuuliza, muulize kama amekula.